Pikipiki Kuukuu Izimikayo Njiani



Juma lililopita tulimaliza habari za cherehani. Juma hili twaanza habari za pikipiki, kwa sababu wanafunzi wawili wa mji wetu wa Kalemie wametuuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: Kwa nini pikipiki ya zamani huwaka vizuri nyumbani, huenda vizuri kilomita chache, kisha hufa njiani kama mtu aliyepitiwa na usingizi, na baada ya nusu saa huwaka tena kana kwamba haikuwa na ugonjwa wo wote? Swali hili latuchoma kidogo. Mwaka jana tuliulizwa swali lilo hilo, tukalijibu kwa haraka, na jibu letu lilimdhuru kijana asiye na kosa.

Tuanze na injini yenyewe. Injini ya esanse, mafuta yale ambayo ndugu zetu wa Kigoma ng'ambo ya ziwa huyaita petroli, yahitaji vitu vitatu ili iende: chakula, moto na kifua. Chakula ni esanse iliyochanganyika na hewa kwa kipimo chake. Moto ni cheche ya buji, ambayo wale wa Kigoma huiita plagi, nayo sharti itoke kwa wakati wake. Kifua ni nguvu ya pistoni kukandamiza mchanganyiko ule ndani ya silinda pasipo kuvuja. Injini inayokataa kwenda imekosa kimoja katika hivi vitatu. Hakuna cha nne, isipokuwa uchawi, na uchawi hatujauona bado ndani ya silinda.

Fundi mwema hutafuta kwanza ni kipi kilichokosekana, ndipo hushika ufunguo. Fundi mbaya hushika ufunguo kwanza. Hubadili buji, isipokwenda, hubadili kabureta, isipokwenda, hubadili bobini ya moto, na mwenye pikipiki huuza mbuzi. Tumewahi kuona pikipiki ambayo karibu kila kitu chake kilikuwa kipya isipokuwa ugonjwa wake.

Sasa tusimulie habari yenyewe.

Katekista mmoja wa parokia yetu ana pikipiki aina ya Yamaha AG 100. Wazee wetu waijua sana. Ni pikipiki ya mashambani, yenye kichukuzi kipana nyuma na injini ndogo ya mipigo miwili, ile inayounguza oili pamoja na esanse. Mabwana shamba, waganga na wamisionari waliitumia katika nchi nyingi za Afrika. Hiyo ya katekista ilipatikana kwa sadaka za Wakristo wa Ulaya, ikapita mikononi mwa mapadri wawili kabla ya kumfikia yeye.

Pengine wanafunzi hawajui sadaka hizo zilianzaje. Padri Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, alikuwa rubani wa ndege katika vita kuu ya kwanza. Rafiki yake Padri Otto Fuhrmann alikuwa mmisionari katika nchi iitwayo leo Namibia. Mwaka 1925 Padri Fuhrmann aliugua, akafa, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi penye dawa. Kwa huzuni ya kifo hicho Padri Schulte alianzisha mwaka 1927 chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisionari vyombo vya safari: magari, mashua, ndege, baiskeli na pikipiki. Twayasema haya ili mtu asidhani kwamba pikipiki ya katekista ni kitu cha fahari tu. Nyuma yake kuna watu wasiomjua waliotoa fedha zao, na mbele yake kuna watu wanaomngoja.

Katekista huyo huhudumia vigango vilivyo upande wa magharibi, njia ya Nyunzu, ambayo hufuata bonde la mto Lukuga pamoja na reli. Kila Dominika ambayo padri hawezi kufika, yeye huongoza ibada, na mara nyingi huwachukulia wagonjwa Komunyo. Wakati wa kiangazi njia ile ni vumbi tupu, na wakati wa masika ni tope.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipokuwa zimekwisha kushika, pikipiki yake ilianza kuzimika. Haikuzimika nyumbani wala mjini. Ilizimika baada ya kilomita nne au tano, mara nyingi mahali palipo wazi pasipo na nyumba. Kwanza ililegea, kama mtu apandaye mlima akiwa na njaa. Kisha ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Katekista alipiga kiki hata jasho likamtoka. Halafu aliketi chini ya mwembe, akasali mafumbo matano ya rozari, akapiga tena kiki, na pikipiki ikawaka. Hatusemi kwamba Bikira Maria hakumsaidia. Twasema tu kwamba mafumbo matano huchukua dakika ishirini hivi, na dakika hizo zina maana yake, kama mtakavyoona.

Dominika ya pili ya Majilio alifika kigango cha mwisho saa saba mchana. Watu walikuwa wamengoja tangu saa tatu asubuhi, wakatawanyika. Mama mmoja mgonjwa aliyekuwa amefunga kwa ajili ya Komunyo, ingawa Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga, alikuwa amekwisha kula kwa kukata tamaa, tena akilia.

Hapo katekista akaanza kutafuta mkosaji, na mkosaji alipatikana upesi mno.

Hapa Kalemie, kama katika miji mingi ya Kongo, esanse nyingi huuzwa kando ya barabara, katika chupa na madumu, na vijana ambao watu wamewapa jina la makadafi. Mpaka mwezi wa kumi katekista alikuwa akinunua kwenye kituo chenye pampu. Kituo kile kilipoishiwa kwa majuma kadhaa, akaanza kununua kwa kijana mmoja kwenye njia panda iliyo karibu na kanisa. Kijana huyo ni mwanafunzi wetu. Mama yake ni mjane auzaye ndagala sokoni. Serikali ilifuta malipo ya shule za msingi mwaka 2019, lakini sekondari haimo katika mpango huo, na kijana alikuwa akijilipia karo kwa chupa zile.

Sasa angalieni jinsi ushahidi ulivyomwelekea. Ugonjwa ulianza majuma yale yale ambapo katekista alianza kununua kwake. Tena, na hili ndilo lililotushinda wote, pikipiki ilizimika upesi zaidi kila mara ilipotoka kujazwa! Katekista akijaza tangi mpaka shingoni asubuhi, ilikufa kabla ya kilomita tano. Akirudi jioni na tangi lililokwisha kupungua, ilikwenda mbali bila taabu. Mtu gani asingesema kwamba katika chupa zile mna kitu kibaya?

Katekista alisema. Alisema baada ya ibada, mbele ya watu, kwamba kuna kijana anayetia maji katika esanse ya watumishi wa Mungu. Hakutaja jina, ila mahali alipataja. Nasi tulipoulizwa na vijana wa taksi za pikipiki, maana watu hutudhania kuwa wajuzi wa mitambo kwa kuwa twaandika ukurasa huu, tulijibu: "Yaelekea ni maji." Hatukuwa tumeifungua hata kabureta. Baada ya juma moja hakuna aliyenunua tena kwenye meza ile. Kijana alikuja kwetu akasema, "Mwalimu, mimi sikutia maji." Tulimjibu kwamba atafute kazi nyingine. Mitihani ya nusu ya kwanza ya mwaka ilipofika, hakuwa na karo, wala hakuiandika.

Twarudi kwenye ufundi, maana hapa ndipo swali la wanafunzi linapojibiwa.

Mtu akishuku esanse, asishuku kwa maneno. Kupima ni rahisi. Mimina esanse kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, uiache usiku kucha mahali pasipo na moto wala watu wanaovuta sigara. Maji ni mazito kuliko esanse, wala hayachangamani nayo. Asubuhi utayaona chini yamejitenga, kama mafuta na maji katika mchuzi. Na kama washuku kwamba imetiwa mafuta ya taa, angusha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Esanse safi hukauka upesi, na karatasi husalia karibu kama ilivyokuwa. Mafuta ya taa huacha alama ya ulaini isiyokauka kwa muda mrefu. Kipimo hiki hakifai kwa esanse iliyokwisha kuchanganywa na oili, kwani oili nayo huacha alama. Mafuta ya taa yana ishara nyingine pia: injini huwaka kwa shida ikiwa baridi, moshi huzidi, na ikipewa mzigo mlimani hugonga kama mtu apigaye chuma kwa nyundo ndogo.

Sisi tuliifanya kazi hiyo ya chupa mwezi wa pili, kwa kuona haya, baada ya mama yake kijana kutujia nyumbani. Hakutukana. Aliweka chupa moja juu ya meza yetu, akasema, "Mwalimu, hii ni ya mwisho aliyobaki nayo. Iangalie wewe mwenyewe uliyesoma." Asubuhi yake hapakuwa na tone la maji. Karatasi nayo ilikuwa safi.

Basi tukamwomba katekista atuchukue katika safari yake ya Jumamosi. Tulipakia funguo mbili, buji moja ya akiba na kitambaa. Alijaza tangi mpaka shingoni, safari hii kwenye kituo chenye pampu, ambacho kilikuwa kimepata esanse tena. Kilomita ya nne pikipiki ililegea, ikakohoa, ikafa. Kwa hiyo maneno ya chupa yalikwisha hapo hapo, maana hii haikuwa esanse ya kijana.

Katekista alitaka kuvua buji mara moja. Tulimzuia, na hapa twawaomba wanafunzi wasome polepole. Injini inapokufa njiani, ushahidi wote uko pale pale, lakini haukai. Ukivua buji, ukaifuta, ukairudisha, umekwisha kutumia dakika kumi. Ukitafuta ufunguo ulioanguka, umetumia nyingine tano. Pikipiki ikiwaka baada ya hayo, utasema ni buji. Katekista wetu alikuwa amenunua buji tatu kwa njia hiyo, na kila moja ilionekana kumponya siku ile, akashangaa Dominika iliyofuata. Buji mpya zilisifiwa kwa kazi iliyofanywa na saa.

Kwa hiyo swali la kwanza laulizwa papo hapo: je, ni chakula au ni moto? Tulifungua kifuniko cha tangi ili kuona kama esanse imo. Kifuniko kilipolegea tukasikia sauti: "fyuuu!" Hewa ilikuwa ikiingia kwa nguvu kama mtu aliyezuiliwa pumzi. Tukakifunga bila kukikaza. Katekista akapiga kiki mara mbili, na pikipiki ikawaka. Hatukuwa tumegusa buji, wala kabureta, wala waya wo wote.

Akina mama waijua siri hii kuliko mafundi. Mkifungua maziwa ya kopo, hutoboa tundu moja au mawili? Hutoboa mawili. Ukitoboa moja tu, maziwa hutoka kidogo kisha hukoma, ingawa kopo limejaa. Maana kitu hakiwezi kutoka chomboni isipokuwa hewa iingie kushika mahali pake. Tangi la pikipiki ni kopo la maziwa. Tundu la kwanza liko chini, penye robine, ambapo esanse hushuka kwenda kwenye kabureta. Tundu la pili liko juu, dogo sana, katika kifuniko. Likizibwa na tope, kutu au nyumba ya mdudu, hewa iliyo juu ya esanse hulegea, na huivuta esanse irudi juu. Mteremko wa esanse toka tangi hata kabureta ni mfupi, shibiri moja na kitu. Nguvu yake ni ndogo, na hata uvutano kidogo waweza kuishinda.

Na kwa nini ilikufa upesi ilipojazwa? Wanafunzi na wapige hesabu. Tangi likijazwa mpaka shingoni, hewa iliyobaki juu ni kidogo, tuseme kikombe kimoja. Nusu kikombe cha esanse kikitoka, hewa ile ya kikombe kimoja yalazimika kuenea mahali pa kikombe kimoja na nusu, nayo hulegea sana. Lakini tangi likiwa nusu, hewa iliyomo ni lita kadhaa. Nusu kikombe kikitoka, hewa haisikii tofauti kubwa. Kwa hiyo kifuniko kilichozibwa huiua pikipiki iliyoshiba, na huiachia yenye njaa. Ushahidi ule tuliomhukumia kijana ulikuwa kweli tupu. Kosa lilikuwa katika kuusoma.

Tulikivua kifuniko tukakigeuza. Ndani yake palikuwa na kipande cha mviringo kilichokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu, kimekazwa vizuri sana. Katekista alikitazama muda mrefu. Ni yeye mwenyewe aliyekikata, mvua zilipoanza, ili maji yasiingie katika tangi. Tangu siku ile ndipo ugonjwa ulipoanza. Mpira haukuziba kabisa. Hewa ilipenya polepole kando kando, na kwa sababu hiyo pikipiki ilipopumzika dakika ishirini, chini ya mwembe, hewa ya kutosha ilikuwa imekwisha kuingia.

Alitoboa mpira ule kwa sindano nene katikati, akairudisha. Tangu hapo haijazimika kwa ugonjwa ule.

Lakini tusifanye tena kosa la kudhani kwamba jibu moja lafaa kwa maswali yote. Kuna ugonjwa mwingine ufananao na huu kama pacha: bobini ya moto iliyochoka. Bobini ni nyuzi nyembamba sana za shaba zilizozungushwa mara nyingi, na kila uzi umepakwa rangi ya kuutenga na mwenzake. Rangi hiyo ikizeeka, nyuzi zikipata joto hugusana au hukatika, na cheche hufa; zikipoa, cheche hurudi. Mwenye pikipiki ataona yale yale: kufa njiani, kupumzika, kuwaka tena. Tofauti ni hii: fungua kifuniko cha tangi mara tu inapokufa. Ikiwaka papo hapo, ni hewa. Isipowaka, funga tangi barabara, kisha tazama cheche. Vua buji, ichomeke katika kofia ya waya wake, ulaze chuma chake juu ya chuma cha injini, mbali na tundu la silinda na mbali na esanse yo yote iliyomwagika, upige kiki. Usiishike buji kwa vidole, maana umeme wake hupiga. Kama cheche haipo injini ikiwa moto, na ipo ikiwa baridi, ndipo uende kununua bobini, wala si kabla ya hapo.

Maadamu buji imo mkononi, isome uso. Ikiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, injini yala vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, chakula ni kizito mno: pengine chujio cha hewa kimejaa vumbi, pengine kile kishikio cha kuzuia hewa wakati wa kuwasha kimesahauliwa. Ikiwa nyeusi na yenye kulowa oili, basi katika injini ya mipigo miwili oili imezidi, na katika ile ya mipigo minne pistoni au mipira ya valvu imechakaa. Ikiwa nyeupe kama jivu, jihadhari: injini yapata hewa nyingi na esanse kidogo, yachemka kupita kiasi, na usipoitengeneza pistoni yaweza kukwama au hata kutoboka. Katekista wetu alikuwa njiani kwenda huko. Buji yake ya tatu ilikuwa imeanza kuwa nyeupe, wala hatukuwa tumeitazama. Nafasi ya buji, pale cheche inaporuka, kwa pikipiki nyingi ni milimita 0.6 au 0.7. Pikipiki za zamani zenye platini hutaka platini zifunguke milimita 0.3 hata 0.4, zikiwa zimeungua na kuwa na vishimo, zisugue polepole kwa tupa laini, kisha uzipime upya.

Ndugu zetu wa Moba na Kirungu nao wana shida yao. Pikipiki iliyorekebishwa hapa Kalemie, penye ziwa, karibu mita 770 juu ya bahari, ikipanda milima ya Marungu, ambako vilele hupita mita 2,000, huanza kutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Si ugonjwa. Huko juu hewa ni nyepesi, lakini kabureta yaendelea kutoa esanse kwa kipimo cha ziwani. Akishuka itapona yenyewe. Akikaa huko, fundi atamwekea katika kabureta kijitundu cha shaba kilicho chembamba zaidi.

Kuhusu maji, hatusemi kwamba hayaingii kamwe. Esanse yetu nyingi hufika kwa vyombo vya ziwani, hutoka pipani huingia katika dumu, hutoka katika dumu huingia katika chupa, na wakati wa masika tone laweza kuingia po pote. Maji yaliyoingia hukaa chini ya kabureta, na injini hukohoa pale pale bila kujali tangi limejaa au la. Chini ya kikombe cha kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ifungue injini ikiwa baridi, upokee kinachotoka katika kifuniko cha chupa. Utayaona maji kwa macho.

Dominika iliyofuata safari yetu, katekista alisimama mahali pale pale aliposimama mara ya kwanza, akasema kwamba mwenye kosa ni yeye na kipande cha mpira, akakionyesha. Safari hii alimtaja kijana kwa jina. Sisi tulisema vile vile darasani, na leo twasema katika ukurasa huu, kwa kuwa baadhi ya wale waliotuuliza mwaka jana husoma hapa. Meza imerudi njia panda. Si wanunuzi wote waliorudi. Wengine bado hupita wakitazama kando. Mitihani haikuweza kurudishwa, na kijana yuko mwaka huu katika darasa lile lile alilokuwamo mwaka jana. Katekista hulipa nusu ya karo yake. Nusu ya pili si habari ya ukurasa huu.

Kijana mwenyewe amejifunza jambo. Kabla ya kumimina esanse, humwomba mwenye pikipiki kifuniko chake, hukipuliza kwa mdomo, na kisipopitisha hewa hukataa kuuza mpaka kitobolewe. Baadhi ya vijana wa taksi humchekea. Mmoja wao alikuwa na nyumba ya nyigu ndani ya kifuniko chake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza jinsi ya kuvua kabureta na kuisafisha bila kupoteza vitu vyake vidogo. Wanafunzi watakaotaka kufuata na watafute sahani nyeupe, kitambaa kisichotoa nyuzi, na unywele mmoja wa mkia wa ng'ombe kwa ajili ya kuzibua jikleri. Waya wasiulete, kwa maana hupanua tundu.